Vitabu Viwili na Mpunga wa Papa Venant

Kwa wale ambao gazeti la juma lililopita lilifungiwa maandazi ya beignets kabla hawajalisoma: Bibiane Cibalonza, muuza vitabu wa kanisa pale Nyawera, alikuwa bado ana kazi, bado ana mchumba, na bado ana kipindi chake cha redio. Vyote vitatu vilikuwa vinaning'inia.

Kosa lake lilikuwa adabu. Katika kipindi cha "Soma Nami", kinachorushwa na redio ya kanisa kila Alhamisi jioni, alipendekeza kitabu kipya cha maisha ya Kikristo kiitwacho Hasira Ikishuka. Akaona ni heshima kumtaja mtu. Akasema hewani, kwa sauti tamu kabisa, kwamba anakipendekeza "hasa kwa Maman Pasteur, mama yetu sisi wote".

Bukavu nzima ilicheka, kuanzia Bagira hadi Panzi. Maman Pasteur hakucheka. Mumewe, Pasteur Barthélemy, alimwita Bibiane ofisini, akamwambia kwamba kosa jingine moja tu, hata dogo, atamwomba akapumzike nyumbani.

Ndipo ikafika Alhamisi hii.

Bibiane alikuwa amejiapiza kutomtaja mtu yeyote, hai wala marehemu. Alichagua vitabu viwili vilivyotoka mwaka huu, akavisimamisha mbele ya mikrofoni kama mashahidi wawili.

"Wapendwa," akasema, "cha kwanza ni riwaya ya siri za familia, Nyumba ya Ng'ambo. Kuna bwana mmoja wa heshima, mwenye kiti cha mbele kanisani. Kila juma anashuka bondeni kuangalia ng'ombe wake. Mke wake hajawahi kuwaona hao ng'ombe. Siwaambii zaidi. Lakini mkikisoma, mtamwangalia muzee wa nyumbani kwenu kwa jicho lingine."

Kisha akakishika cha pili.

"Na hiki ni cha maisha ya Kikristo, Sema Upumue. Kinawafundisha wanandoa kuacha kufichana. Mwandishi anashauri hivi: usianze na jambo kubwa. Leo mwambie mwenzako jambo moja dogo ulilomficha. Akilipokea vizuri, siku inayofuata mwambie lile kubwa."

Kitabu kimoja kiliwapa wake mashaka. Kingine kiliwafungua waume midomo. Bibiane alivitangaza pamoja, akawatakia watu jioni njema, akaenda zake kula.

Ijumaa asubuhi alikuta foleni mlangoni pa duka.

Alifurahi. Hakuwa amewahi kuona foleni ya vitabu tangu azaliwe. Akafungua haraka, akasimama nyuma ya meza, akatabasamu.

Wa kwanza alikuwa bwana mmoja mwenye macho mekundu, kama mtu aliyelala kwenye kiti.

"Mademoiselle, ile kitabu ya kusema siri, ni lazima ao ni conseil tu?"

"Ni conseil tu, papa."

"Mungu asifiwe! Muke yangu aliniambia ni amri ya kanisa." Akageuka kwenda, kisha akarudi. "Lakini nimeisha kusema. Sasa nafanya nini?"

Nyuma yake kulikuwa na profesa wa chuo kikuu, koti na tai, anajifanya anaangalia kalenda ukutani.

"Niko nauliza kwa niaba ya collègue moja wa kazi," akanong'ona. "Kama mutu alisema ile kidogo, na muke akaipokea mubaya, anaweza kusimamia pale? Ao ile kubwa nayo iko obligatoire?"

"Collègue huyo alisema nini, profesa?"

"Alisema ule cousin yake mwenye anaishi nao nyumbani si cousin." Profesa akavuta tai. "Na iyo njo ilikuwa kidogo."

Maman mmoja alinunua nakala tatu za riwaya. Moja ya kwake, moja ya wifi yake, na moja, alisema, ataiacha tu juu ya meza ya kulia, muzee aione.

Hadi saa za mchana Bibiane alikuwa ameambiwa mambo ambayo padri husikia kwa mwaka mzima. Hakuwa ameuliza hata moja. Watu waliingia, wakaegemea meza, wakasema. Aliwaza kwamba angalau hayo yote ni ya watu wengine, hayamhusu.

Hapo ndipo akaingia Papa Venant.

Papa Venant alikuwa shemasi wa kanisa, inspecteur wa shule aliyestaafu, na baba wa Guylain, yule mchumba wa Bibiane. Harusi ilikuwa mwezi ujao. Alikuwa mtu wa taratibu sana, mtu ambaye hata kukohoa alikohoa kama anayesahihisha imla. Siku zote alimsalimia Bibiane kwa mikono miwili.

Leo hakusalimia. Aligeuza kibao cha mlangoni kikasomeka "Fermé", akafunga mlango, akauegemea kwa mgongo.

"Mutoto yangu," akasema. "Nani alikuambia?"

"Kuniambia nini, papa?"

"Unasema ng'ombe. Lakini sisi wawili tunajua ni mpunga."

"Papa, mimi sijue mpunga yoyote."

"Bonde unaijua! Kiti ya mbele kanisani unaijua! Kila juma unaijua! Uliacha tu jina yangu na namba ya simu!"

Sasa Bibiane akaelewa. Watu wote walijua kwamba Papa Venant ana shamba la mpunga kule Kamanyola. Kila Jumamosi alishuka kulikagua, na kila Jumamosi jioni alirudi na mchele. Mkewe, Maman Francine, aliusifia mchele huo mbele ya mamans wote wa kanisa. Ulikuwa mchele mzuri sana.

"Papa, ni riwaya. Mutu aliiandika kule mbali, hajasikia hata jina zetu."

"Mutu gani? Alifika Kamanyola?"

"Papa, tafadhali, usiniambie kitu. Miye naingia kwenu kama bibi arusi. Sipaswi kujua."

Akaziba masikio kwa viganja. Lakini Papa Venant alikuwa ameshaanza, na alikuwa kama lori lililoachia breki kwenye mteremko wa Ngomo.

"Sina shamba."

Bibiane akashusha mikono.

"Mchele naununuaka sokoni, pale pale Kamanyola. Sina hata jembe. Na kila Jumamosi..." Akatazama dirishani, akapunguza sauti. Kichwani Bibiane akaona kila kitu: mwanamke mnene mwenye cheni ya dhahabu, watoto wamepangwa kwa urefu, na safu nzima ya viti watakayoihitaji siku ya harusi. "Kila Jumamosi napiga gitaa."

"Papa anampiga nani?"

"Gitaa! Solo. Niko katika orchestre. Tunapiga kwa bar moja, jioni mapema, kabla sijarudi."

Bibiane alicheka. Hakutaka kucheka, kilimtoka tu, kicheko cha mtu aliyejiandaa kupokea mzigo wa mawe akapewa mto wa manyoya.

"Unacheka?" Papa Venant akaumia kweli kweli. "Miye ni shemasi. Ni miye nilisimama mbele ya vijana nikasema muziki ya bar ni mulango ya kupotea. Na siku nilimuomba Francine tuoane, aliniambia: gitaa ao miye. Nikamuchagua yeye. Gitaa nikaigawa. Nilikaa hivyo myaka mingi, Bibiane, bila kugusa hata uzi. Kisha kazi ya inspection ikanipitisha Kamanyola, nikasikia batu wanapiga, na ule wa solo anakosea..."

Hakumalizia. Vidole vyake vya mkono wa kushoto vilikuwa vinatembea vyenyewe juu ya jalada la Sema Upumue, vinabonyeza, vinaruka, vinarudi. Bibiane akaacha kucheka.

"Papa, umwambie Maman Francine. Hii si dhambi ya kuvunja nyumba."

"Humujue. Lakini nilianza. Jana, kisha kipindi yako, nilimwambia ile kidogo."

"Kidogo gani?"

"Kwamba mboga yake ya sombe inazidi chumvi."

Bibiane akafumba macho. "Papa. Iyo si kidogo."

"Nimeona."

Wakakubaliana hivi. Kesho Jumamosi Papa Venant atashuka kwa mara ya mwisho, kuwaaga wenzake na kuwaachia gitaa. Atarudi, atamwambia mkewe yote, na mambo yataisha. Bibiane, kwa upande wake, hatasema neno kwa mtu yeyote. Aliweka mkono juu ya rundo la vitabu akaapa.

Kiapo chake kilidumu hadi alipokuja Maman Francine, na alikuja mchana huo huo.

Maman Francine alikuwa présidente wa mamans wa kanisa. Alikuwa na kimo, alikuwa na sauti, na hakuwa na subira. Alitoa riwaya kwenye mkoba, imefungwa ndani ya kitenge kama mtoto mchanga, akaibwaga mezani.

"Mwisho yake inasema nini?"

"Maman, riwaya haina utamu tena ukiambiwa mwisho."

"Bibiane. Mwisho."

Hapa ikatoka aibu nyingine, ambayo Bibiane alitarajia kuzikwa nayo.

"Sijafika mwisho, maman. Nilifika pale yule mwanamke anaokota ufunguo katika koti. Kipindi kilikuwa kimekaribia, nikaona..."

"Unapendekeza kwa batu wote wa Bukavu kitabu yenye haujamaliza?"

"Mwanzo wake ni muzuri sana, maman."

Maman Francine akakaa, kiti kikalia. Alipoongea tena sauti ilikuwa imeshuka, na Bibiane akaogopa zaidi.

"Sikia. Jana bwana yangu ananiambia sombe yangu inazidi chumvi. Tangu tuoane anaikulaka, anamaliza, anaomba ingine. Nikajiuliza, imetoka wapi? Nikakumbuka maneno yako ya redio: mutu anaanza na kidogo, kisha analeta kubwa. Basi kubwa ni nini?"

"Labda ni sombe tu, maman."

"Nimefungua hii riwaya yako. Bonde, ni yeye. Kanisa, ni yeye. Nikaenda kuangalia buti zake za shamba." Akamsogelea Bibiane. "Safi. Hazina tope, hazina hata vumbi katika nyayo. Kuna mutu analimaka mpunga na buti mupya?"

Bibiane alitamani kusema neno moja tu, gitaa, na mwanamke huyu angepumua. Lakini alikuwa ameapa. Tena alikumbuka: gitaa ao miye. Hakujua lipi lingemuumiza zaidi Maman Francine, mwanamke asiyekuwepo au gitaa lililopo.

"Kesho tunashuka Kamanyola," Maman Francine akasema. "Weye na miye."

"Maman, kesho Guylain anarudi toka Minova, nilisema nitamupikia..."

"Guylain iko na mikono. Anajua fasi chungu inakaa."

Jumamosi walishuka na jeep ya Donatien, jirani yao, mtu wa maneno machache ambaye aliambiwa wanaenda kuona shamba. Maman Francine alikaa mbele. Bibiane alikaa nyuma, kitabu magotini, kwa sababu alikuwa ameamriwa kusoma kwa sauti kile alichokuwa hajamaliza.

Alisoma huku barabara ya Ngomo ikizunguka, korongo upande mmoja na mlima upande mwingine. Ndani ya riwaya, mke alikuwa anaingiza ufunguo kwenye mlango wa nyumba asiyoijua. Donatien akapunguza mwendo apate kusikia vizuri. Chini ya kitabu, kidole cha Bibiane kiliandika ujumbe: PAPA MAMAN ANAKUYA FICHA GITAA.

Simu ikatafuta mtandao, ikatafuta, ikakata tamaa.

"Mulango ukafunguka," akasoma Bibiane, "na ndani..."

"Acha," Maman Francine akasema ghafula, mkono hewani. "Usisome tena. Ya kwangu naenda kuifungua mwenyewe."

Donatien akasikitika waziwazi.

Kamanyola ilikuwa na joto lake la bonde, na soko lilikuwa limejaa. Maman Francine alishuka, akaenda moja kwa moja kwa muuza nyanya.

"Maman, munamujua Papa Venant? Mwenye shamba ya mpunga?"

"Venant wa mpunga hatumujue." Yule mwanamke akapanga nyanya zake. "Tunajua Venant wa solo. Wanamuita Docteur."

"Docteur ya nini?"

"Ya gitaa, maman! Ule akishika gitaa, hata mwenye kuumwa mugongo anasimama. Fuata iyo njia, utamusikia mbele ya kumuona."

Bibiane aliutazama uso wa mkwe wake mtarajiwa. Alitegemea hasira. Aliona kitu kingine, kama mtu aliyeitwa kwa jina lake kwenye umati wa wageni. Kilipita haraka.

"Gitaa," Maman Francine akasema polepole.

"Maman..."

"Ulijua?"

"Nilijua jana, maman. Niliapa."

Maman Francine alikuwa ameshaanza kutembea, na muziki ulikuwa umeshaanza kusikika.

Bar yenyewe ilikuwa paillote kubwa, banda la kuezekwa kwa nyasi, viti vya plastiki, watu wazima wamekaa na wake zao, wengine wanacheza taratibu kama wanaotafuta kitu sakafuni. Mbele yao alikuwa Papa Venant. Shemasi. Shati la maua, kofia ya majani, macho amefumba, gitaa limemkaa kifuani kama limeota hapo. Na alikuwa anapiga, jamani. Bibiane hakuwa anajua muziki, lakini alijua kwamba mtu huyu hakuwa akipiga ili alewe wala ili apendwe. Alikuwa kama mtu anayerudi nyumbani.

Papa Venant akafumbua macho.

Vidole vilimalizia sauti chache peke yao, kisha vikakwama. Ngoma ikaendelea kidogo, ikagundua iko peke yake, ikanyamaza.

"Mwanamuke iko wapi?" Maman Francine akauliza. Sauti ilifika hadi jikoni.

"Hakuna mwanamuke, Francine." Akaliinua gitaa kidogo. "Ni hii tu."

"Hii tu? Afadhali ungekuwa na mwanamuke! Mwanamuke ningemufukuza! Unafikiri nilikuambia nini, siku ile? Nilikuambia gitaa ao miye! Na unanilisha mchele ya soko, mbele ya mamans nasema shamba yetu, shamba yetu, wananiomba mbegu! Mbegu, Venant! Maman Eulalie niko nayo deni ya mbegu!"

Watu walikuwa wamegeuza viti kabisa. Mtu akampa Donatien soda.

"Leo nilikuya kuaga," Papa Venant akasema. Hakupandisha sauti. "Muulize Bibiane. Niliamua niache, nikuambie. Lakini kwa sababu uko hapa, nitasema yote. Siku za juma miye ni mutu mugumu, unanijua. Jumamosi jioni naingia nyumbani nacheka, nakushika mukono, nakuuliza habari. Ulifikiri ni shamba inanifanya vile?"

Ni kweli Maman Francine alifikiri ni shamba. Hata aliwahi kumwambia Mungu asante kwa shamba lile.

Mlango wa nyuma wa paillote ukafunguka. Akatoka muzee mwembamba, nywele nyeupe, chupa ya Fanta mkononi. Alikuwa chef, yaani kiongozi, wa orchestre, Muzee Elysée, na alikuwa amekwenda kupumzisha koo.

"Docteur, juu ya nini mumekata wimbo? Na nani anagombana huku na sauti ya..."

Akasimama. Akamtazama Maman Francine kutoka kitambaa cha kichwa hadi viatu, kisha akarudi juu.

"Fany?"

"Muzee, umekosea," Maman Francine akasema haraka mno.

"Miye nikosee? Nilikuwa kule nyuma, nikasikia mutu anafoka, nikasema ile sauti naijua. Fany wa Uvira! Misimu miwili uliimba mbele yangu. Ukigombana ao ukiimba, sauti ni ile ile moja."

Mpiga ngoma akaweka vijiti chini ili asikie vizuri.

Papa Venant akavua kofia. "Fany ni nani?"

Maman Francine akarekebisha kitenge kiunoni. Akarekebisha tena.

"Francine. Uliniambia kule Uvira ulikuwa mwalimu wa watoto kanisani, wa école du dimanche."

"Nilikuwa."

"Ulikuwa?"

"Asubuhi."

Mtu mmoja akacheka nyuma, akapigwa kiwiko na mkewe.

"Njo maana," Papa Venant akasema, kama anayesoma jibu ubaoni. "Gitaa ao miye. Njo maana."

"Niliogopa, Venant." Hakuwa anafoka tena. Alikuwa anaongea na mumewe tu, kana kwamba ile bar haikuwa na watu. "Watu wa kwenu walikuwa batu ya kanisa. Mama yako aliniuliza kama najua kusali, hakuniuliza kama najua kuimba. Nikasema, gitaa ikibaki nyumbani, siku moja itanikuta napika, miye nitaimba. Na nikiimba, utajua. Hakuna mutu anaimbaka vile kwa kanisa tu. Kwa hiyo nikaifukuza gitaa. Sikukufukuza weye."

Bibiane alisimama pembeni na riwaya kwapani. Aliwaza juu ya Guylain, na juu ya nyumba watakayojenga, na vitu vidogo ambavyo yeye mwenyewe alikuwa ameamua kutomwambia. Wazee hawa wawili walikuwa wamelala kitanda kimoja maisha yao yote, kila mmoja akiulinda mlango uleule, mmoja upande wa ndani, mwingine upande wa nje.

Papa Venant akaketi tena kwenye kiti chake. Akalilaza gitaa pajani. Akapiga sauti tatu, polepole, akamtazama mkewe kama siku za uchumba.

"Unaijua hii?"

"Nyamaza, Venant. Miye ni présidente wa mamans."

"Unaijua?"

"Naijua," Maman Francine akasema, na mdomo ukaanza kutetemeka, na Bibiane hakujua kama ni kilio au kicheko. "Lakini unaipiga haraka."

Muzee Elysée alikuwa ameshamletea mikrofoni. Aliikataa. Aliikataa tena, safari hii akiwa ameishika. Kisha akafumba macho na kuimba.

Wahudumu walisimama na sahani mikononi. Donatien aliweka soda chini. Sauti ilikuwa nzito na yenye joto, haina haraka, na ilikuwa ya mwanamke ambaye Bibiane hakuwahi kukutana naye. Papa Venant alipiga huku machozi yanamshuka hadi kwenye shati la maua, na hakuyapangusa kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi.

Hapo simu ya Bibiane ikalia. Bonde lilikuwa limempa mtandao, sasa ambapo hakuuhitaji. Alikuwa Guylain.

"Bibi, uko wapi? Nimefika nyumbani, hakuna mutu. Maman iko wapi? Papa iko wapi?"

"Tuko... tulitoka kidogo," Bibiane akasema, akikimbilia nje ya paillote. Muziki ukamfuata.

"Rudini mbio. Pasteur iko hapa nyumbani, amekaa salon, na Maman Pasteur. Wanangojea weye na Papa. Kuna nyumba kumi na ngapi zimegombana sababu ya kipindi yako, wanasema wewe na redio imeisha, na wanataka shemasi akuhukumu mwenyewe. Nimeweka simu sauti kubwa, wasikie vizuri. Ongea."

Nyuma ya Bibiane, Maman Francine alikuwa amepanda juu kabisa, mahali ambapo sauti za kawaida huvunjika, na yake ikafunguka.

"Bibi? Ni nini iyo? Ni redio?"

Angeweza kusema ni redio. Neno lilikuwa tayari ulimini, dogo, jepesi. Akavuta pumzi.

Lakini upande ule wa simu kukasikika kiti kikisukumwa na hatua zikikaribia. Aliyesema sasa alikuwa Pasteur Barthélemy, na sauti yake haikuwa ya ofisini wala ya mimbarini. Ilikuwa laini, ya kijana.

"Mademoiselle Bibiane, sogeza simu karibu. Ule mwenye anaimba..." Akasikiliza kidogo. "Ni Fany?"

Wimbo ukaendelea nyuma ya Bibiane.

Kisha, kutoka mbali kidogo, pale penye makochi, ikaja sauti ya Maman Pasteur, tulivu kabisa.

"Barthélemy. Fany ni nani?"